Tuanze na mabasi

Katika makala tulizopokea kwa ajili ya toleo hili kuna dai moja linalojirudia, nalo limenikera kila nilipolikuta: kwamba kifaa cha kumzuia dereva mlevi kikifika kwetu kitaishia palepale vilipoishia vidhibiti mwendo. Waandishi wanalitaja kana kwamba halihitaji ushahidi. Nalipinga hapa mwanzoni, msomaji asije akalimeza pamoja na mengine mazuri waliyoyaandika.

Tujiulize kwanza ni nani aliyeviua vidhibiti mwendo. Kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Kenya Februari 2004, matatu haikuruhusiwa kuzidi kilomita 80 kwa saa. Baadaye mafundi wakaanza kuvichokonoa, na aliyewalipa mara nyingi alikuwa mwenye gari mwenyewe, au dereva kwa ridhaa yake. Kila safari ya ziada ni fedha ya ziada, na jioni hesabu inasubiriwa. Kifaa kilimtia hasara yuleyule aliyetakiwa kukitunza.

Ulevi ni jambo tofauti kabisa. Hakuna tajiri wa basi anayeingiza hata shilingi kwa sababu dereva wake amekunywa. Anachovuna ni basi lililopinduka, kesi, maswali ya bima na abiria wanaohamia kwa mshindani wake. Anayetamani kifaa hicho kife ni dereva peke yake, tena dereva mmoja kati ya wengi, na usiku basi linalala yadi ya tajiri, si nyumbani kwa dereva. Najua hoja ya utingo anayepuliza kifaa badala ya dereva. Ndiyo maana viko vifaa vyenye kamera inayompiga picha anayepuliza, na vinavyomtaka apulize tena safari ikiwa imeanza. Kinachobaki ni kumfanya mwenye basi awe mlinzi wa kifaa, na kwa ulevi ana kila sababu ya kuwa mlinzi.

Wengine wameshaanza na mabasi. Ufaransa ilianza na mabasi ya wanafunzi mwaka 2010, na tangu Septemba 2015 mabasi yote ya safari yanatakiwa kuwa na kifaa cha kupuliza kabla injini haijawaka. Finland ilifanya hivyo kwa magari yanayobeba wanafunzi mwaka 2011. Mwaka huohuo Japani ilizilazimisha kampuni za usafirishaji kumpima dereva kwa mashine anaporipoti kazini. Teknolojia yenyewe ni ya kawaida, na imekuwepo kwa miaka mingi.

Marekani imechagua njia ngumu zaidi: gari la kila mtu, na kipimo ambacho dereva haombwi kupuliza chochote. Mradi wa DADSS umelifanyia kazi hilo tangu 2008. Kihisi kimoja huvuta hewa ya ndani ya gari na kuimulika kwa mwanga wa infraredi, kikilinganisha kilevi na kabonidayoksaidi ili kujua pumzi imechanganyika kiasi gani na hewa nyingine. Cha pili husoma kilevi kupitia ngozi ya kidole. Makala ya kwanza ya toleo hili inaeleza hayo kwa umahiri, na sitairudia. Sheria ya Novemba 2021 iliipa mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, miaka mitatu kutoa kanuni. Novemba 2024 ilipita bila kanuni. Mwaka 2023 pekee, watu 12,429 walikufa nchini humo katika ajali zilizohusisha dereva aliyezidi kiwango cha kilevi.

Wanaopinga wanapiga kelele kuhusu serikali itakayozima magari ya raia. Sheria ile haimpi polisi wala ofisa yeyote uwezo wa kuzima gari la mtu kwa mbali, na nasikitika kwamba mmoja wa waandishi wetu amelirudia dai hilo. Hoja nzito ni ya makosa ya mashine. Ikiwa inapatia mara 999 kati ya 1,000, basi katika safari milioni moja za watu wazima wa akili, wasioonja hata tone, watu elfu moja watakwama. Wamarekani wanalikumbuka hilo: magari ya modeli ya 1974 yalikataa kuwaka mpaka mkanda ufungwe, hata mfuko wa mboga uliowekwa kwenye kiti ulitosha kulizuia gari, na kabla mwaka huo haujaisha Bunge lao lilikuwa limeifuta amri hiyo. Mikanda ilipata maadui ambao haikustahili kuwapata.

Basi la abiria halina tatizo hilo kwa ukubwa uleule. Lina ratiba, lina kituo, lina msimamizi anayeweza kuleta mashine ya pili au dereva wa pili. Ndiyo maana nasisitiza tuanzie huko, hata kama makala tano kati ya saba humu ndani zinazungumzia magari binafsi.

Makala ya mirungi na usingizi inakumbusha kwamba kipimo cha pumzi hakioni uchovu. Ya bodaboda ni fupi na isomwe. Ya mwanasheria kuhusu Alcoblow, kipima pumzi cha polisi wa Kenya, isomwe mara mbili: mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilizikuta kanuni za kipimo kile zikipingana na Sheria yenyewe ya Trafiki, na kazi ya barabarani tangu Desemba 2013 ikayumba kwa kosa la uandishi.

Tanzania ina pa kuanzia. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, tayari inafuatilia mwendo wa mabasi kwa mfumo wa VTS, na dereva hujitambulisha kwa kitufe chake. Kipimo cha pumzi kiunganishwe hapo. Matokeo yaende kwa mwenye basi na kwa LATRA tu, yafutwe baada ya muda uliotajwa kwenye kanuni, na dereva aliyekataliwa na mashine apimwe kwa mashine nyingine kabla hajaandikiwa kosa lolote. Kifungu hicho cha mwisho kikikosekana madereva watagoma, na watakuwa na haki.