Boila ya Mirija, Si Chungu cha Spiriti



Vijana wetu wa Dzaleka wameamua kuunda kichwa cha garimoshi kidogo, chenye mvuke wa kweli, kipite juu ya reli ya upana wa inchi 5 na kuvuta watoto. Wameniomba ushauri juu ya jambo moja tu, nalo ni boila. Nimeona heri niuandike hapa, maana ubishi umekuwa mkubwa, na juzi mmoja wao alikuja na mtungi wa gesi uliochakaa akaniuliza, "Mzee, hii si boila tayari?"

Si boila. Mtungi ule haukuundwa kukaa juu ya moto, na unene uliobaki baada ya kutu hakuna aujuaye. Maji yaliyo moto chini ya shinikizo yakipata ufa hugeuka mvuke, na tone moja la maji likiwa mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600. Katika ujana wangu, kwenye kiwanda kimoja cha mbao, niliona vali ya usalama imefungwa kwa waya ili kazi isisimame. Tuliyemzika alikuwa mtia kuni. Msimamizi alikuwa ofisini.

Waliobaki wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja wanataka chungu cha shaba kinachopashwa moto wa spiriti kutoka chini. Hoja yao ina uzito. Spiriti ipo hapa hapa Malawi; tangu mwaka 1982 ethanoli hutengenezwa Dwangwa kutokana na miwa. Makaa ya kuni ni ghali, na kuyachoma bila leseni ni kosa. Makaa ya mawe yapo, lakini hutoka Mchenga, mbali kaskazini. Tena chungu huisha kwa wiki chache.

Lakini chungu hupata moto tumboni tu, na joto lililo jingi huenda na upepo. Injini itazunguka peke yake vizuri. Mpandishe mtoto, itasimama.

Jambo hili lilikwisha kubishaniwa Uingereza miaka ya 1920. Bassett-Lowke wa Northampton, kampuni kubwa ya injini ndogo, walikuwa upande wa moto wa spiriti chini ya vijibomba vya maji. Curly Lawrence, aliyeandika kwa herufi LBSC, za kampuni ya reli, akaunda injini ya inchi 2½ aliyoiita Ayesha, yenye boila ya mirija na moto wa makaa ya mawe, nayo ikamvuta yeye mwenyewe, mtu mzima. Wala wazo halikuwa jipya: Rocket ya Stephenson ilishinda mashindano ya Rainhill mwaka 1829 ikiwa na mirija 25 ya shaba ndani ya boila, moto ukipita ndani ya mirija na maji yakiizunguka.

Kwa hiyo mimi nasimama na boila ya mirija. Ila msichukue mchoro wa injini kubwa mkaupunguza tu. Wazee mliopita Kenya au Uganda mnakumbuka zile Garratt 34 za daraja la 59, zilizoletwa na East African Railways mwaka 1955 na 1956. Mirija yake ukiipunguza kwa kipimo cha inchi 5 itakuwa kama mabua, na masizi yataiziba kabla ya saa sita mchana. Moto na maji havijui kipimo cha mchoro. Wekeni mirija michache, minene.

Ugumu uko kwenye sanduku la moto, kwa kuwa kuta zake ni bapa. Kwa shinikizo la kilo 5.6 kwa kila sentimita ya mraba, bati la sentimita 10 kwa 10 linasukumwa na kilo 560, uzito wa ng'ombe dume. Ndiyo maana kuta hizo hufungwa pamoja kwa vijiti vingi vya shaba. Na viungo vyote vilehemiwe kwa fedha. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye digrii 183 hivi, na mvuke wa shinikizo hilo una digrii 162. Maji yakipungua kidogo tu, kiungo kimekwisha. Kisha, kabla ya moto wowote, boila ijazwe maji baridi hadi pomoni, isukumwe kwa pampu ya mkono mpaka mara mbili ya shinikizo la kazi. Ikipasuka hapo, itawalowesha tu.

Mtasema ni kazi ya mwaka mzima kwa mchezo wa watoto. Lakini kazi hiyo hiyo, kupanga mirija, kufunga kuta, kupima, kuangalia geji ya maji, ndiyo ya boila za viwanda vya chai vya Thyolo na Mulanje na vya sukari vya Nchalo na Dwangwa. Najua jibu lenu: mkimbizi haajiriwi huko kwa urahisi, na mwaka 2023 waliokuwa wakiishi nje waliamriwa kurudi kambini. Lakini wengine wetu majina yako kwenye orodha za kuhamia nchi nyingine, na huko wataulizwa wanajua kazi gani.

Gesi ya kulehemia iko karakana ya rafiki yetu, Area 47, Lilongwe, kwa hiyo kibali cha kutoka kiombwe mapema, kwa siku mbili, si moja. Mwenye kipande cha bomba la shaba asikiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla ya kutuona. Nyaya za umeme zilizokatwa usiku hatuzitaki.