Wino wa Lilanga na Kuta za Nyali

Mgeni aingiaye katika hoteli za ufukweni Nyali hakosi kupokewa na twiga wa mti. Twiga hana ubaya. Fundi wa Changamwe aliyemchonga anakula jasho lake. Lakini ni nani aliyeamua kwamba sanaa yetu ikome kwa wanyama na machweo ya jua?

Tumtazame marehemu George Lilanga, Mmakonde wa kusini mwa Tanzania, aliyezaliwa mwaka 1934. Alikuwa mchonga vinyago kabla hajashika kalamu. Katika miaka ya 1970 aliajiriwa kuwa mlinzi wa Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972. Kipaji chake kilipoonekana, akaingia miongoni mwa wasanii. Alipofariki mwaka 2005, jina lake lilikuwa limekwisha kufika Ulaya na Marekani.

Katika michoro yake ya wino mweusi hamna kivuli, ni mistari tu. Mashetani wenye masikio makubwa, matumbo yaliyofura na vidole viwili vitatu wamebanana: wanachota maji, wanacheza ngoma, wanapiga soga. Ukicheka, tazama tena, kwani tunaochorwa ni sisi. Ulafi umekuwa tumbo, umbeya umekuwa sikio.

Ulaya nako kulikuwa na wachoraji wa ishara. Mwaka 1886 washairi wa Paris waliutangaza mwendo huo, na Odilon Redon, Mfaransa, akasifika kwa picha nyeusi za ndoto na majinamizi. Hata hivyo, Mswahili hana haja ya kufunzwa fumbo na Paris. Kanga ya bibi husema kwa ishara, na jirani akaelewa.

Wapo watakaosema mashetani hawafai kutundikwa katika nyumba ya mcha Mungu. Kila mtu na nyumba yake. Ila mchoro wa namna hii haumsifu shetani, unamwumbua.

Basi wenye hoteli watenge japo ukuta mmoja kwa wachoraji wa Kisauni na Likoni, na shule ziwape watoto wino wachore wanayoyawaza, si wanayoyaona tu. Karatasi ni rahisi kuliko gogo la mpingo.

Malango ya Nyali yamejaa walinzi. Huenda mmoja wao ana daftari lililojaa michoro. Je, kuna aliyemwuliza?