Cornwall ilihifadhi migodi yake ya bati. Kamituga na Kalima zitabaki na nini?

Mwezi wa Oktoba 1985, bei ya bati ilianguka kwenye soko la London. Pigo hilo lilifika sehemu mbili zilizo mbali sana: Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, na Mashariki mwa Kongo, ambako sosiete SOMINKI ilikuwa ikichimba kasiterite katika Kivu na Maniema. Mgodi wa Geevor, kando ya bahari ya Cornwall, ulifungwa mwaka wa 1990. SOMINKI nayo ilidhoofika, na ikavunjwa katika miaka hiyo ya 1990.

Leo, mgeni anayefika Botallack, si mbali na Geevor, anaweza kutembea kwa miguu akazunguka na kurudi pale alipoanzia. Njia inapita juu ya majabali. Chini, ukingoni mwa maji, zinasimama nyumba mbili za mawe zilizokuwa na mashine za mvuke. Kutoka hapo wachimbaji walifuata bati na shaba hadi chini ya bahari. Mbele kidogo ni Levant, ambako mashine iliyowekwa mwaka wa 1840 ilirudishiwa uhai na watu wa kujitolea. Baharini wanaonekana sili. Juu ya majabali anaruka kunguru mwenye mdomo na miguu myekundu, ndege wa nembo ya Cornwall. Alikuwa ametoweka huko, akarudi mwenyewe mwaka wa 2001. Ng'ombe wanaolisha kando ya bahari humsaidia, kwa sababu hutafuta wadudu kwenye nyasi fupi.

Njia hiyo haifichi mabaya ya zamani. Pale Botallack mtu anaona mabaki ya tanuri na mapito ya moshi ambamo sumu ya aseniki ilikusanywa. Pale Levant anakumbushwa tarehe 20 Oktoba 1919, wakati mtambo wa kupandisha wachimbaji ulipokatika na watu 31 wakafa. Wanakumbukwa pia wanawake waliovunja mawe kwa nyundo juu ya mgodi. Mtu wa Kamituga anawajua wanawake wa namna hiyo: ni mama zake wanaotwanga mawe hadi leo.

Mwaka wa 2006, UNESCO iliandika mandhari hayo ya migodi ya Cornwall na Devon Magharibi katika urithi wa dunia. Je, hilo lililisha kila familia iliyopoteza kazi? Hapana. Cornwall imebaki kati ya sehemu maskini za Uingereza, na kazi nyingi za utalii ni za msimu. Lakini mashimo mengi ya zamani yamezibwa au kuzungushiwa ukuta, majengo hayakubomolewa yote, na mtoto wa huko anajua babu yake alifanya kazi gani na alikufa vipi.

Kwetu, mchimbaji bado anashuka kila asubuhi. Mwezi wa Septemba 2020, mashimo ya Kamituga yalijaa maji ya mvua, na watu wasiopungua 50 waliripotiwa kufa. Ni nani anayeweza leo kuonyesha orodha kamili ya majina yao? Na nyumba, mashine na karatasi za SOMINKI, ni nani anayezitunza?

Wengine watasema kwamba nchi yenye vita haina nafasi ya makumbusho. Ila kuziba shimo lililoachwa ni kuokoa maisha, na kuandika jina la marehemu hakuhitaji mamilioni. Tena, Kanuni ya migodi ya 2018 inatoa asilimia 15 ya malipo ya madini kwa maeneo yanakochimbwa, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kizazi kijacho hakitakula kasiterite iliyokwisha kuuzwa.

Basi wakuu wa majimbo, machifu na sosiete za madini waanze na mambo matatu: wazibe mashimo yaliyoachwa, waandike majina ya waliokufa, na wazuie mabaki ya SOMINKI yasiuzwe kama vyuma chakavu. Wazee waliofanya kazi humo bado wako. Waulizwe sasa, wangali hai.