Ruta Haijafa, Hamkuiuliza

Wadau, nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi. Sababu ninayo, na leo naitoa hadharani japo inaniaibisha. Nilidanganya kazini. Tena nilidanganya chumba kizima cha habari, watu ambao mshahara wao unatokana na kuuliza maswali, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali.

Ilikuwa hivi. Kwenye kona ya ofisi yetu kuna ruta, kile kisanduku chenye taa kinachogawa intaneti. Kila ikifika saa kumi jioni, muda wa kufunga kurasa, intaneti inatambaa kama konokono kwa sababu kuna wenzetu wanashusha mechi na filamu. Nikajipa kazi ambayo sikutumwa. Nikaamua kuondoa fimwea, yaani ile programu ambayo kifaa huja nayo kutoka kiwandani, niweke OpenWrt. Hii ni Linux iliyokondeshwa ili ienee kwenye vifaa vidogo kama hivi. Nia yangu ilikuwa kumpangia kila mtu mgawo wake. Jumamosi, ofisi ikiwa tupu, nikashusha faili, nikalipakia, nikabonyeza. Taa zikawaka, zikazima, zikawaka, zikazima. Hazikuacha.

Jumatatu mzee wetu, mhariri, akauliza kulikoni. Nikajibu harakaharaka: "Mzee, umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, umeiunguza." Akasema, "Basi mwambieni mhasibu atoe hela inunuliwe nyingine, gazeti haliwezi kulala." Kufikia saa sita mchana ruta mpya ilikuwa ukutani. Ile ya zamani ikatupwa kwenye droo pamoja na simu mbovu na chaja zisizo na wenyewe. Imeisha hiyo.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, na si hasira dhidi ya mzee. Uongo wangu ulipita kirahisi kwa sababu sote tumeshazoezwa kuamini kwamba vifaa hivi hufa tu. Gari likigoma kuwaka tunafungua boneti. Cherehani, jenereta, pasi, kila kimoja kina fundi wake chini ya mwembe. Ruta ikigoma kuwaka tunasema "imekufa" kisha tunaingiza mkono mfukoni. Mimi nasema ruta nyingi tunazozizika hazijafa. Zimezibwa mdomo na waliozitengeneza, na sisi wanunuzi tumeridhika kuishi na mabubu.

Hebu tuelewane kwanza kuhusu kilichomo ndani. Ruta ni kompyuta. Ina prosesa, ina RAM, na badala ya diski ina kumbukumbu ya flashi. Ukiiwasha, programu ndogo iitwayo butiloda huamka kwanza, huandaa RAM, huitafuta keneli ya Linux mahali pake kwenye flashi, huipakia na kuiachia kazi. Keneli nayo huutafuta mfumo wa mafaili. Ikiupata, safari imeanza. Na katika kila hatua kifaa kinaandika kinachofanya, mstari kwa mstari. Sasa kwa kuwa hakina skrini, maneno hayo hutokea kwenye vitundu vitatu au vinne vya pini ndani ya kasha, vitundu ambavyo karatasi ya maelekezo haivitaji kabisa.

Baada ya wiki mbili za kusutwa na dhamiri nikaitoa ruta kwenye droo. Skrubu zake zilikuwa zimefichwa chini ya miguu ya mpira. Fikiria, skrubu zinafichwa! Nikatafuta kigeuzi cha USB cha volti 3.3. Nasisitiza 3.3, maana kile cha volti 5 kinaweza kuleta madhara, na zile kebo za kompyuta za zamani zenye volti nyingi zaidi zingeiua kwelikweli. Nyaya ni tatu tu: wa ardhi kwa ardhi, wa kutuma wa upande huu kwa wa kupokea wa upande ule, na kinyume chake. Pini ya umeme haiguswi. Kasi nikaweka 115200, ambayo ndiyo ya ruta nyingi. Nikawasha.

Ikaongea. Wadau, ikaongea! Butiloda ilikuwa nzima. RAM nzima. Keneli ikapakiwa, ikaitambua prosesa, halafu ikasema haiuoni mfumo wa mafaili, ikakata tamaa, ikajiwasha upya. Ndiyo zile taa. Na kosa lilikuwa langu. Nilipakia faili la toleo la kwanza wakati ruta yetu ni toleo la pili. Jina kwenye boksi ni lilelile, kasha ni lilelile, lakini flashi imegawanywa kwa mpangilio mwingine. Keneli ilikuwa inabisha hodi kwenye nyumba isiyo yake.

Dawa yake? Butiloda husubiri sekunde chache kabla ya kuendelea. Ndani ya sekunde hizo nikabonyeza kitufe, ikasimama. Nikaipa faili sahihi kwa kebo ya mtandao kupitia TFTP, njia rahisi kabisa ya kuhamisha mafaili. Nikalipakia kwenye RAM tu kwanza, bila kugusa flashi. Mara ya kwanza likakataa, kumbe programu ya ulinzi kwenye kompyuta yangu ilikuwa inaizuia ruta. Nikaizima kwa muda. Mara ya pili ikawaka, ndipo nikaandika kwenye flashi. Jioni moja tu. Maiti yetu ya wiki nzima ilikuwa imekosea anwani.

Sasa kuna watakaosema haya yote yametokea kwa bahati mbaya, mtengenezaji hana ubaya. Basi tusome historia. Mwishoni mwa 2002 kampuni ya Linksys ilitoa ruta iliyoitwa WRT54G. Mwaka 2003 kampuni hiyo ikanunuliwa na Cisco, na mwaka huohuo wapenzi wa Linux wakagundua kwamba fimwea ya ruta hiyo ilikuwa na Linux ndani yake, lakini msimbo wake haukuwa umetolewa. Leseni ya Linux, GPL toleo la 2 la mwaka 1991, iko wazi: ukimpa mtu programu hii, mpe na msimbo wake, pamoja na maandishi yanayotumika kuijenga na kuisimika. Kelele zikapigwa, msimbo ukatolewa. Kutokana na msimbo huo, mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukazaliwa.

Kwenye ruta hizo kulikuwa na mpangilio ulioitwa boot_wait. Ukiuwasha, butiloda inasubiri sekunde chache kila ruta inapoamka, ili uweze kuipa fimwea nyingine kama ya kwanza imeharibika. Aliyesahau kuuwasha kisha akaharibu alifungua kasha na kugusanisha pini za chipu kwa bisibisi huku anaomba dua. Sekunde chache tu ndizo zilizotenganisha kifaa kizima na takataka!

Halafu ikawaje? Mwaka 2005, toleo la tano la WRT54G likatoka bila Linux. Ikawekwa VxWorks, mfumo uliofungwa. Flashi ikapunguzwa kutoka megabaiti 4 hadi 2, RAM kutoka 16 hadi 8. Waliotaka Linux wakatengenezewa WRT54GL, kwa bei ya juu zaidi. Yaani mlango uliokuwa wazi ulifungwa, kisha ukauzwa. Mwaka 2008 taasisi ya Free Software Foundation ikaishitaki Cisco kwa kutotimiza masharti ya leseni kwenye bidhaa za Linksys, na mwaka 2009 wakamalizana nje ya mahakama. Bado mnaniambia bahati mbaya?

Najua hoja ya wenzangu wa "nunua nyingine." Wanasema kifaa cha bei hii hakistahili jioni ya mtu mwenye digrii. Ndugu zangu, bei hiyo ni ndogo kwa nani? Kwa shule ya kata yenye ruta moja? Kwa dada mwenye stationari inayotegemea intaneti kulipa pango? Na ile ya zamani inakwenda wapi? Inakwenda jalalani. Mtoto wa mtu ndiye anayeichoma moto kutafuta shaba.

Hoja nyingine nzito kidogo ni ya usalama: tukiwaachia watu wafungue ruta watavuruga masafa ya redio. Hofu hii ina msingi. Mwaka 2016 TP-Link ilikubali kulipa dola 200,000 kwa FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kwa sababu baadhi ya ruta zake ziliweza kurushia mawimbi kwa nguvu kupita kiwango. Lakini someni makubaliano yote. Humohumo kampuni ilikubali kushirikiana na jumuiya ya programu huria ili watumiaji waweze kuweka fimwea nyingine. Kumbe inawezekana kulinda masafa bila kumfungia mwenye mali nje ya mali yake. Na tukizungumzia usalama, mwaka huohuo wa 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta kwa maelfu, kikiingilia kwa nywila za kiwandani. Kifaa kilichofungwa ambacho mtengenezaji ameacha kukihudumia hakimlindi mtu yeyote. Kimefungwa kwa mwenyewe, kiko wazi kwa mwizi.

Wala msiseme haiwezekani kutengeneza tofauti. Mwaka 2024 OpenWrt na Software Freedom Conservancy walitoa ruta yao, OpenWrt One. Ilitoka kwa dola 89 pamoja na kasha. Ina tundu la USB la kusomea maneno ya butiloda, huhitaji kuchomelea waya. Ina flashi mbili, moja imekingwa isiandikwe ovyo, na swichi ya kuchagua uwashie ipi. Ukiharibu, unahamisha swichi. Dola 89 ni hela nyingi kwetu, nakubali. Ninachosema ni kwamba tundu na swichi si anasa. Wengine hawaviweki kwa sababu hakuna anayevidai.

Na sisi mashabiki wa Linux tusijifiche nyuma ya wakubwa. Tunajaza vichwa vya watu kwamba ni rahisi, nakili amri hii, bandika, umemaliza. Mimi mwenyewe sikusoma namba ya toleo iliyoandikwa chini ya kasha. Sikujaribu chaja nyingine, wakati chaja iliyochoka peke yake inaweza kuifanya ruta ijiwashe upya bila mwisho. Sikujaribu hali ya dharura ya OpenWrt, ambapo unabonyeza kitufe wakati taa inamulika kisha unaingia kwa 192.168.1.1. Kwangu isingesaidia kwa kuwa keneli haikuufikia mfumo wa mafaili, lakini sikujua hilo, na sikuuliza. Nilikimbilia kudanganya.

Programu huria si neno geni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupatia Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Uhuru huo tuuteremshe mpaka kwenye visanduku vya ukutani. Ofisi inayoandika zabuni ya ruta mia iandike na masharti haya: msimbo utolewe, njia ya kufufulia fimwea iwepo, pini zitajwe kwenye maelekezo. Mnunuzi wa moja, kabla hujatoa hela, tazama orodha ya vifaa kwenye tovuti ya OpenWrt, na usome namba ya toleo, si jina tu. Na waandishi wenzangu, mtu akisema "umeme umeiunguza," muulizeni amejuaje.

Mzee nilimweleza juzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa hiyo iliyofufuka iko wapi?" Iko maktaba ya ofisi, inafanya kazi. Mhasibu naye ameahidi kunikata kidogokidogo kila mwisho wa mwezi mpaka ile mpya ilipike. Sina kinyongo.

Mwenye ruta iliyozikwa kwenye droo aniletee. Kigeuzi ninacho, chai juu yako.