Tusiuze mifupa yetu kwa vidonge vya sokoni

Wiki iliyopita nilimsindikiza dada yangu mkubwa hadi kituo cha mabasi. Safari hii hakuwa anakwenda Manyovu kufuata mzigo. Alikuwa anakwenda hospitali, nami nimemshika mkono kama anavyoshikwa bibi kizee. Ana miaka 48.

Tulirudi nyumbani mwaka 2008 kutoka kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, tulikokulia na kusomea. Mimi nikapata kazi ya ualimu, yeye akaanza kuvuka mpaka na vitenge na ndagala. Baada ya miaka michache vidole vyake vikaanza vituko. Asubuhi za baridi vinakuwa vyeupe kama chaki, kisha vya samawati, kisha vyekundu na vinauma. Ngozi ya mikono ikakaza hata akashindwa kukunja ngumi na kuhesabu noti. Majirani wakasema amerogwa na wenzake wa sokoni. Mganga alikula mbuzi wetu wawili.

Daktari ndiye aliyetutajia jina: skleroderma. Ni maradhi ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Ngozi hukakamaa, na mara nyingine koo, utumbo, mapafu na figo hufuata. Hayaambukizi, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Hayo tuliyajua. Tusilolijua ni kwamba maradhi haya hula mifupa pia, tena kimyakimya. Mwaka jana dada aliinua ndoo ya maji, akasikia mgongo umealika. Eksirei ikaonyesha pingili ya uti wa mgongo imebonyea.

Sababu ni nyingi na zinasaidiana. Uvimbe wa ndani usiokwisha huudhoofisha mfupa. Utumbo uliokakamaa hushindwa kufyonza kalsiamu na vitamini D. Mgonjwa hukonda, hujifunika nguo nzito kwa kuogopa baridi, jua halimpati, na maumivu humfanya akae tu. Kwa wanawake wengine hedhi hukoma mapema, na hapo mifupa hupoteza mlinzi wake.

Juu ya yote hayo kuna vidonge. Kwa miaka mitatu dada alinunua prednisoloni katika soko moja la mpakani, zikihesabiwa na kufungwa kwenye kipande cha gazeti kama karanga. Zilimpa nguvu, hamu ya kula na uso wa mviringo, nasi tukafurahi kwamba amenenepa. Kumbe dawa hizo za steroidi zikitumiwa kwa miezi 3 au zaidi huupunguza mfupa. Kwa mwenye skleroderma kuna hatari nyingine: kipimo kikubwa, hasa kinachozidi miligramu 15 kwa siku, kinaweza kuangusha figo ghafla.

Kule kambini, chini ya hema la plastiki, mwalimu wetu alituonyesha mfupa wa kuku uliolowekwa katika siki kwa siku kadhaa. Ulipinda kama mpira, maana madini yake yalikuwa yametoka. Mimi mwenyewe nimelifundisha somo hilo mara nyingi, wala sikuwahi kumfikiria dada yangu.

Ndugu zangu mnaovuka mpaka, simlaumu mgonjwa anayetafuta nafuu. Dawa hizi zina kazi yake, lakini mikononi mwa daktari. Na anayezimeza tayari asiziache ghafla, kwani mwili uliozizoea unaweza kuzimia na hata kufa. Aende akapunguziwe kidogo kidogo.

Mwenye skleroderma aombe kupimwa uzito wa mifupa. Mashine hiyo haipo katika kila hospitali, lakini swali halina nauli. Aulize kuhusu kalsiamu na vitamini D. Ndagala wanaoliwa na mifupa yao ni hazina tuliyo nayo tayari. Ni aibu kuwauza wote na kurudi nyumbani na soda. Atembee kadiri anavyoweza. Akiandikiwa vidonge vya kuimarisha mifupa, amweleze daktari kama chakula humkwama kooni, kwa sababu baadhi yake huunguza koo lisilosukuma vizuri. Ipo dawa ya aina hiyo inayotolewa kwa mshipa mara moja kwa mwaka.

Kwa wakubwa wa pande zote mbili za mpaka nasema hivi: kitenge kikikaguliwa na kutozwa ushuru huku dawa ikipita mfukoni bila swali, tumekosea mizani. Na kwako mchuuzi mwenzetu unayeuza vidonge hivyo, ujue kwamba mteja wako hatakulalamikia leo. Mfupa haulii unapoliwa. Hulia siku unapovunjika, na siku hiyo wewe umeshahamia soko jingine.