Gari za umeme: mutambo kuwepo barabarani si kusema unafanya kazi

Wakaaji wengi wa mashariki mwa Congo wanasikia habari za gari za umeme kwa sababu moja: kobalti. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Congo, katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga, na sehemu kubwa yake inaishia ndani ya batri. Lakini kuna swali ambalo halizungumzwi sana huku, wakati kule Marekani na Ulaya wenye kutaka kununua gari hizo wanaliuliza kila siku: mutu akiondoka na gari ya umeme kwa safari ya mbali, atapata wapi moto wa kuweka ndani ya batri, na ule mutambo atakaoukuta njiani utafanya kazi kweli?

Swali hilo linaweza kuonekana la matajiri. Lakini jibu lake linasaidia kuamua kama familia ya kawaida kule ng'ambo itaacha esanse, ao itangoja kwanza. Na ndani yake kuna jambo ambalo mukaaji wa Goma, Bukavu, Bunia ao Kindu analijua vizuri: kitu kimehesabiwa kwenye karatasi, lakini ukifika pale hakitoe kitu.

Kuchaji nyumbani na kuchaji njiani

Mwenye gari ya umeme akiwa na nafasi nyumbani, anaichomeka magaribi na asubuhi anaikuta imejaa. Kwa kuzunguka ndani ya muji, hiyo inatosha. Shida inaanza kwenye safari ya kilometa 400 ao 600. Hapo inaomba mitambo ya kuchaji mbio, ile ya kilowati 50 mpaka 350, ambayo inaweza kupandisha batri kutoka asilimia 10 mpaka 80 kwa dakika 20 mpaka saa 1 hivi, kufuatana na gari na mutambo. Kupita asilimia 80, gari yenyewe inapunguza mwendo wa kupokea umeme ili kuchunga batri. Ndiyo maana wasafiri wanapanga safari yao kwa vipande: kuendesha, kusimama, kuchaji kidogo, kuendelea.

Mutu wa esanse akikuta kituo kimefungwa, anaendelea mpaka kingine. Na akizimikiwa kabisa, mutu atamuletea bidoni. Huku mashariki kuko hata wale wanaoitwa Kadhafi, wenye kuuza esanse kwa chupa pembeni ya barabara. Kwa umeme hakuna Kadhafi. Batri ikibaki na asilimia 7 na mutambo umekufa, na mwingine uko kilometa 60 mbele, inabaki kuita gari ya kukokota. Kwa hiyo mutambo mumoja mubovu unaweza kuharibu safari nzima, hata kama ingine yote ya nchi inafanya kazi.

Hata waziri alikosa nafasi

Mwaka 2023, Jennifer Granholm, aliyekuwa waziri wa nishati wa Marekani, alifanya safari ya siku 4 kwa gari za umeme katika majimbo ya kusini, ili kuonyesha watu kwamba inawezekana. Walipokaribia Grovetown, katika jimbo la Georgia, wasaidizi wake waliona kwamba nafasi hazitatosha. Kituo kilikuwa na mitambo 4. Mumoja ulikuwa umeharibika na ingine ilikuwa na watu. Mufanyakazi mumoja akatangulia na gari ya esanse, akaiegesha mbele ya mutambo ili kumuwekea waziri fasi. Familia moja yenye mutoto muchanga, iliyokuwa inangoja kwenye joto kali, ikaita polisi.

Habari hiyo ilipotoka, wengi walimucheka waziri. Lakini jambo lenyewe liko ndani ya hesabu: mitambo 4, mumoja mubovu. Kituo kidogo hakina akiba. Mutambo mumoja ukianguka, robo ya kazi imekwenda, na mulolongo unaanza.

Asilimia 72 ao 97?

Mwaka 2022, watafiti na watu wa kujitolea walizunguka vituo vyote vya wazi vya kuchaji mbio katika eneo la San Francisco na viunga vyake, mbali na vile vya kampuni Tesla. Walipita vituo 181 vyenye vichwa 657 vya kuchaji. Kwenye kila kimoja walijaribu kulipa na kuchaji gari kwa dakika 2, ao waliangalia kama tayari kuna gari inayochaji. Matokeo: asilimia 72.5 tu ndiyo ilifanya kazi. Asilimia 4.9 ilikuwa na kamba fupi isiyofika kwenye tundu la gari. Iliyobaki ilikuwa na skrini iliyozima, mashini ya kadi iliyokataa, mawasiliano yaliyokatika ao kichwa kilichovunjika. Nyuma ya siku 8 walirudilia sehemu ndogo ya kazi hiyo, na hali kwa jumla ilikuwa ni ileile.

Wakati uleule, kampuni zenye vituo zilikuwa zinasema mitambo yao inafanya kazi kwa asilimia 95 mpaka 98 ya muda.

Je, kuna mwenye kudanganya? Si lazima. Kampuni inaangalia kutoka ofisini: mutambo ukituma ishara kwenye kompyuta kwamba uko hai, unahesabiwa uko muzima. Musafiri yeye anaangalia kutoka barabarani: je, nimelipa na umeme umeingia? Mutambo unaweza kuwa hai huku mashini yake ya kulipia imekufa. Unaweza kuwa hai lakini ukashindwa kusikilizana na gari ya aina fulani, kwa sababu gari na mutambo vinapaswa kwanza kuongea kwa programu mbele ya umeme kupita. Kwenye daftari ya kampuni hilo si kosa. Kwa musafiri, safari imekwama.

Sheria zimeingia, zikiwa na milango ya kutokea

Serikali zimejaribu kurekebisha. Marekani, kwa sheria ya Novemba 2021, ilitenga dola miliare 7.5 kwa ajili ya kuchaji gari, na miliare 5 kati ya hizo ni za kujenga vituo kwenye barabara kuu. Masharti yalitolewa mwaka 2023: kituo kisipite kilometa 80 kutoka kingine, kiwe na nafasi 4 ao zaidi, kila nafasi itoe kilowati 150, na ifanye kazi asilimia 97 ya muda. Lakini sheria ileile inaacha inje ya hesabu saa ambazo umeme wa muji umekatika, wezi wameharibu, ao kuna matengenezo yaliyopangwa. Tena, kazi ilienda polepole. Kituo cha kwanza cha feza hizo kilifunguliwa Ohio mu Desemba 2023, miaka 2 nyuma ya sheria. Mu Februari 2025 serikali mupya ya Donald Trump ilisimamisha mupango huo, majimbo kadhaa yakaenda mahakamani, na mu Agosti yakatolewa maelekezo mapya.

Uingereza ilienda mbali zaidi. Tangu Novemba 2024, kila kampuni yenye mitambo ya kuchaji mbio inaombwa kufikisha asilimia 99 kwa mwaka, ikubali kadi ya kawaida ya benki, na iwe na namba ya bure ya kupigia simu saa 24. Isipotimiza, inaweza kulipishwa mpaka paundi 10,000 kwa mutambo. Hata hivyo ile 99 ni wastani wa mitambo yote ya kampuni. Mutambo wa kijiji cha mbali unaweza kulala wiki nyingi huku wastani ukibaki muzuri.

Umoja wa Ulaya nao umeamuru kuwe na vituo kila kilometa 60 kwenye barabara zake kuu.

Nani amefaulu, na kwa nini

Kampuni Tesla ilifungua vituo vyake vya kwanza California mu 2012, na kwa miaka mingi wasafiri walivisifu. Sababu hazifichike. Kampuni ileile ilitengeneza gari, mutambo, kichwa cha kuchaji na njia ya kulipa, kwa hiyo hakuna wa kumusukumia mwenzake kosa. Vituo vyake vina nafasi nyingi pamoja, kwa hiyo moja ikifa, haionekani sana. Na gari inamuambia shofere mbele ya kufika ni nafasi ngapi ziko wazi. Tangu 2024 kampuni zingine, Ford ikiwa ya kwanza kati ya zile kubwa, zimeanza kuingiza gari zao katika vituo hivyo vya Amerika Kaskazini.

Hali imeanza kuwa nzuri. Kampuni J.D. Power, ambayo inauliza wenye gari kila mwaka kule Marekani, ilikuta mu 2025 kwamba asilimia 14 walifika kwenye mutambo wa watu wote wakashindwa kuchaji. Mwaka uliotangulia walikuwa asilimia 19. Bado ni karibu mutu 1 kati ya 7.

Na kuna mambo ambayo sheria haiwezi kuyamaliza. Mu Januari 2024, baridi kali ilishika Chicago. Batri zilipoa, zikapokea umeme polepole, na mulolongo ukawa murefu mpaka gari zingine zikazimikia palepale. Kisha kuna wezi wanaokata kamba za mitambo ili kuuza shaba iliyo ndani. Kamba moja ikikatwa, nafasi hiyo haitumike mpaka nyingine iletwe.

Inahusu nini mashariki mwa Congo?

Kwanza, madini. Woga wa njia unasukuma wanunuzi pande mbili. Kuna wanaotaka batri kubwa sana ili wasitegemee vituo, na batri kubwa inaomba madini mengi. Kuna wengine wanaochagua gari ya mchanganyiko, esanse na umeme, ambayo batri yake ni ndogo. Juu ya hayo, karibu nusu ya batri za gari zilizouzwa duniani mu 2024 ni za aina isiyotumia kobalti hata kidogo. Kinshasa ilisimamisha kusafirisha kobalti mu Februari 2025 ili kupandisha bei, na tangu Oktoba 2025 inatoa kwa kipimo. Kwa hiyo ile kamba mbovu ya California haipange bei peke yake, lakini iko kati ya mambo yanayoamua batri za kesho zitakuwa za namna gani.

Pili, majirani. Tangu Januari 2025, Kigali haiandikishe tena pikipiki mupya ya esanse kwa kazi ya kubeba abiria. Inaomba ya umeme. Pikipiki nyingi za huko hazingoje kuchaji: mwenye pikipiki anafika kwenye kituo, anaacha batri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa. Njia hiyo ina faida ambayo mashini ya Georgia haikuwa nayo: kuna mutu anayekaa pale. Kitu kikiharibika, kinajulikana siku ileile.

Tatu, nguvu zenyewe. Kituo kimoja cha nafasi 4 za kilowati 150 kinaomba kilowati 600. Barrage ya Matebe, katika Rutshuru, inatoa megawati 13 na kidogo. Maana yake kituo kimoja, kikijaa, kingekula karibu sehemu 1 kati ya 20 ya umeme wake wote. Katika nchi ambamo mutu 1 tu kati ya 5 hivi ndiye ana umeme, barabara ya Bukavu–Uvira haitapata vituo vya namna hiyo kesho. Batri za kubadilisha kwa pikipiki ziko karibu zaidi na maisha ya hapa.

Lakini namna ya kuhesabu ndiyo inaweza kuvuka mipaka leo. Wakati wowote mradi unapokuja kutangaza robine 30, kabine 5 za umeme ao paneli za jua kwenye vituo 12 vya afya, mifano ya Marekani na Uingereza inafundisha kuuliza mambo manne. Nani alienda kufungua robine kwa mukono wake, na siku gani? Ile asilimia inatolewa na mwenye mradi, ao na mwenye kuchota maji? Ni saa gani zimeachwa inje ya hesabu, kama vile saa za delestaji? Na feza ya kutengeneza kikiharibika iko wapi, na nani ameishika?

Watu wa kujitolea wa San Francisco hawakuwa na vyombo vikubwa. Walikuwa na gari, kadi ya benki na orodha ya vituo vyote, na walijaribu kimoja kimoja. Kamati ya mutaa yenye daftari na bidoni tupu inaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa robine zake, kisha kurudi nyuma ya wiki moja kuangalia kama kuna kilichobadilika.