Kisima kipimwe hewa kabla mtu hajashuka

Shemeji yangu alifia kwenye kisima alichokichimba kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa Novemba, kijijini kwetu, upande wa kutoka Tabora mjini kwenda Sikonge. Maji yalikuwa yamekatika kama yanavyokatika kila mwisho wa kiangazi, naye alitaka kuongeza mita moja au mbili chini ya zile kumi na moja alizokwisha kuchimba. Juzi yake mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Jana yake alishuka, akapanda salama, akapitia kwangu kunywa uji. Siku yenyewe alifika chini, akaita mara moja, akanyamaza. Kijana aliyekuwa akivuta ndoo alidhani ameteleza, akashuka kumfuata. Tuliwazika wote wawili alasiri moja.

Msibani yalisemwa mengi. Wapo waliotaja jini wa kisima, wapo waliotaja mkono wa mtu. Mzee mmoja tu, aliyechimba visima enzi za ujana wake, alisema maneno mawili: "Hewa nzito." Maneno hayo yalinikaa moyoni mpaka arobaini ikapita, kwa sababu kupima hewa ndiyo kazi yangu.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika chuo kimoja hapa mjini. Tuna mashine ya kupima gesi, ukubwa wake kama redio ya zamani, ambayo wanafunzi huitumia kwenye somo la upumuaji. Mwanafunzi anapuliza kwenye mfuko, mashine inavuta hewa ile, namba zinatokea: oksijeni iliyoingia kifuani ikiwa asilimia 20.9 imetoka ikiwa kama 16, na kaboni dayoksaidi, ile hewa ya ukaa, iliyokuwa 0.04 imepanda mpaka karibu 4. Kaboni dayoksaidi hunyonya aina fulani ya mwanga wa infraredi, kwa hiyo mashine hupitisha mwanga huo ndani ya hewa na kupima uliobaki. Oksijeni hainyonyi mwanga huo, ila huvutwa na sumaku kuliko karibu gesi zote. Mmarekani Linus Pauling aliitumia tabia hiyo mwaka 1940 kuunda kipimo cha oksijeni kwa ajili ya nyambizi. Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto wa watu haya yote bila kuwaza kwamba nyambizi yetu sisi wa Unyamwezi ni kisima.

Arobaini ilipopita niliomba ruhusa, nikapanda bodaboda na mashine nimeipakata kama mtoto. Betri ya gari na inveta nilivikuta kwa fundi wa simu kijijini. Nilifunga mpira mwembamba wa mita kumi na tano kwenye kamba yenye fundo kila mita, na kati ya mpira na mashine nikaweka chupa ya silika jeli ikaushe unyevu, maana mvuke wa kisima unaweza kuvuruga kipimo. Kisha nikateremsha. Kila fundo nilisubiri dakika nzima, kwa kuwa hewa ya chini inahitaji muda kusafiri mpaka kwenye mashine, na mwenye haraka husoma hewa ya fundo lililopita akidhani ni ya hapo alipo.

Mdomoni mwa kisima ilisoma 20.9. Fundo la nne bado hali ilikuwa ya kuvumilika. Fundo la tisa oksijeni ilikuwa chini ya 16, na kaboni dayoksaidi imepita 5. Nilikaa chini. Penye asilimia 4 tu za kaboni dayoksaidi wataalamu wa usalama kazini wanahesabu kwamba uhai uko hatarini, na ikifika 10 mtu huzimia ndani ya muda mfupi. Na sisi tulikuwa tumekiacha kisima kile kikiwa na nafasi ya kupumua kwa zaidi ya mwezi mzima.

Halafu nikajumlisha namba mbili za kila fundo. Kila mahali jumla ilikaribia 21. Kwangu hilo lilikuwa jibu la msibani. Kitu fulani kilikuwa kikichukua oksijeni na kurudisha kaboni dayoksaidi karibu kipimo kwa kipimo, na viumbe vinavyopumua ndivyo hufanya hivyo. Ulikuwa ni udongo wenyewe: mizizi na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikipumua gizani na kutiririsha pumzi yao shimoni. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, basi ikitulia chini haina haraka ya kutoka.

Na kwa nini siku ile, wakati jana yake alipanda salama? Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, wa kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Muguga karibu na Nairobi, alieleza kwamba udongo uliokauka sana ukiloweshwa, vijidudu vyake huamka kwa kishindo na kutoa kaboni dayoksaidi nyingi ghafla. Duniani kote wanasayansi wa udongo wanaliita jambo hilo kwa jina lake. Sisi huku tuna miezi kama sita ya ukame, kisha mvua ya kwanza. Ongeza na hili: kanieneo ya hewa ikishuka, kama inavyoshuka kabla ya dhoruba, hewa iliyofungiwa ardhini huvutwa kuingia kisimani. Msimu ambao maji yamekauka na watu wanashuka kuchimba zaidi ndio huohuo ambao ardhi inapumua kwa nguvu. Nikiwaza hivyo, siwezi kuendelea kuita vifo hivi bahati mbaya.

Wachimbaji wengi wana mshumaa au koroboi: ukizimika, hawashuki. Naheshimu busara hiyo, imeokoa watu. Lakini mshumaa huzimika oksijeni inapokaribia 16, na kabla haijafika hapo kaboni dayoksaidi inaweza kuwa imeshafika mahali pa kuua. Tena kwa pampu ya petroli mshumaa haufai kabisa. Mtu akiiteremsha pampu kisimani ili kukausha maji, moshi wake una kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na kiasi kidogo kuliko asilimia moja hutosha kuua huku mshumaa ukiwaka vizuri tu.

Kipimo nacho kina adabu zake. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na Dar es Salaam. Vipimo vingi vya oksijeni huhisi kanieneo hiyo. Kirekebishwe Dar, kipandishwe treni ya Reli ya Kati, kikiwashwa stesheni yetu kinaweza kusoma 18 na kitu na kupiga king'ora kwenye hewa safi. Fundi asiyejua atasema kibovu, atakizima. Dawa yake ni kukirekebisha hapahapa, nje, kwenye hewa safi, kabla ya kila kazi.

Njia hii ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, imewahi kuona kipimo kibaya kikizaa ugomvi. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857. Walipofika Ziwa Tanganyika Februari 1858 walichemsha maji ili wajue ziwa liko juu kiasi gani, kwa kuwa kadiri unavyopanda ndivyo maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kipimajoto kiliwadanganya. Walipata takriban futi 1,850, wakati ziwa liko juu ya futi 2,500, na kosa hilo likaingia kwenye mabishano ya chanzo cha Nile. Wao waligombana juu ya ramani. Sisi tunazika.

Ombi langu ni dogo. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, Nzega na Igunga kwa bomba, na namshukuru Mungu, lakini bado viko vijiji vinavyoishi kwa jembe na kamba. Kila ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa 2019, iwe na kipima gesi cha mkononi cha kuazimisha, kama kijiji kinavyoazimisha masufuria ya shughuli. Kiwe na kihisio cha kaboni dayoksaidi, kwa maana vile vinavyouzwa sana, vya gesi nne, mara nyingi hupima oksijeni, kaboni monoksaidi, haidrojeni salfaidi na gesi zinazowaka, na hii yetu wanaiacha. Kinapatikana kwa fedha zinazokaribia bei ya pikipiki. Na mwenyekiti wa kijiji asimruhusu mtu kushuka mpaka namba ziandikwe daftarini. Mtu akiishiwa nguvu chini, asifuatwe. Apigiwe Zimamoto, 114, na apulizwe hewa kutoka juu wakati wanasubiriwa.

Mwaka jana mchimbaji mmoja wa kijiji cha jirani alinitumia mtoto niende na mashine. Aliitazama kwa muda.

"Mama, hiki kidude kinakijua kisima kuliko mimi?"

"Hakikijui, baba. Kinajua hewa tu."

Saa tano na nusu ilisoma 17.4 chini kabisa. Hakubisha. Tulichomeka feni kwenye mfuko mrefu wa nailoni ulioshonwa kama bomba, tukauteremsha mpaka chini, naye akaenda kukaa chini ya mwembe kumenya muhogo. Saa saba kasoro robo ilisoma 20.7, na kaboni dayoksaidi 0.2. Akajifunga kamba kiunoni, akashuka mpira ukiwa umening'inia kando ya bega lake, nami sikuondoa macho kwenye zile namba mpaka alipopanda.